Maneno Niliyomwambia Baba Hospitalini

Albuquerque,
10 Oktoba 1994

Kaka yangu Delbert,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Marlinda, pamoja na kondoo wote, hata yule dume anayechukia magari. Mimi sijambo, ila goti. Ungeniona ninavyopanda ngazi za ofisi ya gazeti ungecheka mpaka ukae chini. Juzi asubuhi jirani alichoma matawi ya mreteni, nikasimama uani nikiuvuta ule moshi kama mwendawazimu, maana ghafla nilikuwa kwetu Lukachukai, Mama anageuza mkate kwenye mafuta, na Baba anatufukuza kwenye ngozi za kondoo tukakimbie kuelekea mashariki kabla jua halijatukuta tumelala. Ulikuwa unanipita kila siku, kisha unasema umenionea huruma.

Jana uliponikatia simu kwa sababu nilitaja hospitali, sikukasirika. Uongo. Nilikasirika sana. Uliniuliza: “Miaka kumi na moja unatuandikia kwamba wale madaktari ni wachinjaji, leo wamekuajiri?” Swali ni zuri, na ningekuwa mimi ningeuliza kwa ukali zaidi. Nitalijibu, lakini nianze na Mama.

Nilipokuja Septemba nikampeleka hospitali, Daktari Pruett alinieleza kwamba vali moja ya moyo wake imekuwa nyembamba, ndiyo maana anahema akipanda hata kile kilima cha zizini. Ikirekebishwa kabla ya theluji, atachunga tena. Isiporekebishwa, hayo sitayaandika, nawe unajua kwa nini. Mama alimtazama yule daktari juu mpaka chini, akaninong'oneza kwa lugha yetu kwamba msichana amekonda mno, anywe kwanza mchuzi wa kondoo ndipo ashike kisu. Kisha akasema yuko tayari kupasuliwa, ila kwa masharti mawili: Mzee Hoskie Bitsilly amwimbie kwanza nyimbo zake za uponyaji, na mwanawe mkubwa awe amekaa pembeni yake siku ya kutia sahihi. Bila wewe hatii sahihi. Siku yenyewe ni Alhamisi, tarehe ishirini.

Mzee Hoskie nilimkuta amelala chini ya gari lake, miguu tu ndiyo ilionekana. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, unanijua. Nikamuuliza kama haoni hospitali inamnyang'anya kazi. Akacheka hukohuko chini, akasema, “Binti yangu, wewe unapenda vita kuliko chakula. Mimi sizibui mabomba. Yeye azibue bomba, mimi nitamtengeneza mwenye bomba.” Atamwimbia nyimbo za Njia ya Baraka ndani ya hogani ya Mama, chini ya paa lake la udongo, wikiendi hii, kisha Mama atatulia siku nne kama inavyotakiwa. Daktari aliisogeza tarehe ya upasuaji bila kunung'unika, tena akauliza kama anaruhusiwa kuja kusikiliza. Mzee akajibu kwamba aje, lakini avae sketi, alete kahawa na sukari, na asisinzie.

Sasa Baba. Nisamehe kwa kumgusa aliyeondoka. Jina lake silitaji, kama tulivyofundishwa.

Unaikumbuka ile siku, masika ya 1983. Nyongo ilikuwa imemtesa mwezi mzima. Mzee Hoskie huyuhuyu alikuwa amemwimbia, na Baba mwenyewe ndiye aliyesema twende hospitali. Ulituendesha kwenye gari la bluu, yeye katikati yetu na shati lake la mahameli, kofia magotini, akikuuliza ile barabara imekukosea nini hata unaigonga hivyo. Tulicheka njia nzima. Mpaka leo nikiona shati la rangi ile dukani nalishika mkono wake, nasimama.

Ukatushusha, ukaenda kununua majani ya kondoo. Uliporudi Baba alikuwa mlangoni, kofia kichwani, akasema turudi nyumbani. Nikakuambia kwamba daktari ameamuru mfuko wake wa chavua ya mahindi, ule wa sala, ukatwe shingoni ukatupwe. Uliniamini, maana shingoni mwake hukuuona, na Baba hakunisuta. Siku kumi baadaye alikuwa ametutoka, nami nikauandika ule mfuko gazetini. Makala ile ndiyo iliyonipa jina. Watu bado wananipongeza kwa ajili yake.

Kaka, hakuna aliyeutupa ule mfuko. Nesi mmoja, mtu wetu wa kutoka Ganado, aliufunga kwa bendeji kwenye kiganja cha Baba ili aingie nao chumba cha upasuaji, na daktari akakubali. Kisha daktari akaeleza hatari za upasuaji, kama sheria inavyomtaka, akaniomba nimfasirie Baba. Nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, nimeshiba vitabu kuhusu haki ya mgonjwa kujua ukweli wote. Yule nesi alinivuta mkono, akaninong'oneza niliseme jambo hili kama tunavyosema sisi, kwamba palikuwa na mtu fulani, mahali fulani mbali, akapasuliwa akapata taabu. Nikamjibu kwa sauti kwamba baba yangu si mtoto. Nikamgeukia Baba, nikamwambia kwa lugha yetu: “Wewe unaweza kufa pale mezani. Wewe. Huenda usiamke.”

Akaniuliza kwa upole kofia yake iko wapi.

Daktari hakujua. Mimi nilijua. Nimelelewa kwenye nyumba ileile uliyolelewa wewe, nikinyamazishwa kila niliposema kwamba mwanakondoo fulani hataishi, maana kwetu neno likitamkwa huliita jambo lenyewe. Baba hakukiogopa kisu. Alikuwa amekwisha kukikubali. Aliyemtamkia kifo chake ni binti yake, na baada ya hapo hakuwa na sababu ya kulala kwenye meza ile.

Siwasafishi wa hospitali. Dhambi zao nimeziandika na nitaziandika tena. Hii si yao. Makala ya kusema hivyo iko hapa mezani, itakwenda gazetini ukishaipata barua hii, kwa sababu wewe ulistahili kujua kwanza.

Alhamisi njoo. Ukitaka usinisalimie, usinisalimie. Kaa upande mwingine wa kitanda. Lakini wewe ndiye utakayemfasiria Mama. Nimemwambia Daktari Pruett kwamba mimi siku hiyo sifungui mdomo. Simulia kuhusu mwanamke fulani, wa mahali fulani mbali, aliyekuwa na moyo wa namna hiyo. Mama ataelewa yote, na atakuuliza huyo mwanamke ilikuwaje baadaye. Mwambie alirudi kwa kondoo wake.

Mpe wifi salamu zangu, na Mama mshike mkono kwa niaba yangu. Nawatakieni nyote mwende vizuri, mbele yenu na nyuma yenu.

Ni mimi mdogo wako,
Lorinda