Kwa Msumeno wa Karakana: Honi Ilipigwa

Siku kama ya leo mwaka jana, saa nane na dakika kumi na nne mchana, lori la vyombo lilirudi nyuma mita sita katika ua wa ukumbi. Ulikuwa umeligeuzia mgongo, mkononi una waya uliokunjwa nusu. Mwaka umetimia, na kwetu haukwenda haraka.

Nyumbani tulikuita jina ulilopewa na babu. Walimwengu walikuita Msumeno, kwa sababu gitaa lako lilipoingia watu wa mstari wa mbele walikunja nyuso kama waliosikia bati likikatwa. Ulilipenda jina hilo kuliko lililo kwenye cheti, basi na leo tutakuita hivyo.

Ulikuwa mwepesi wa kusaidia na mzito wa kuomba. Ulikunja nyaya za kila mtu, hata za bendi nyingine, ukazifunga kwa vitambaa ili kila mwenye wake aujue. Kila nyumba ya wageni mliyolala ulimletea mama kipande cha sabuni ambacho hakijafunguliwa. Hajatumia hata kimoja. Viko hamsini na tatu katika bakuli la kabatini, na nguo zake zote zinanukia hoteli. "Huyu mtoto," alizoea kusema, "siku moja ataniletea na taulo zao, tushikwe sote."

Wako wasomaji wasioijua kazi yako. Karakana ilikuwa bendi ya watu watatu: wewe na gitaa, mpiga ngoma, na mpiga besi. Muziki wenu haukuwa wa kuchezwa harusini. Ulikuwa wa kelele zilizopangwa: gitaa likikwaruzwa kwa tupa, ngoma zikichanganywa na mapipa matupu, spika zikiachwa zipige yowe zenyewe mpaka zichoke. Albamu yenu moja, *Saa Saba Mchana*, mliirekodi katika karakana ya kutengeneza madirisha ya chuma. Mwenye karakana aliwaachia saa moja tu kwa siku, mafundi walipokwenda kula. Siku kumi na saba, saa kumi na saba. Katika wimbo wa nne anasikika fundi aliyewahi kurudi akiuliza, "Jamani, mashine gani hiyo imeharibika?" Mliiacha sauti yake humo humo.

Tulidhani safari za kuitangaza albamu zingekuwa za miezi miwili. Zilikwenda miaka sita. Kumbi za vyuo, maghala, majumba ya sinema yaliyofungwa. Mkapakia, mkapakua, mkapakia tena. Mpiga ngoma alikuwa akisema kazi yenu ni ukuli wenye mapumziko ya dakika arobaini za muziki. Aliyewaendesha miaka yote hiyo ni dereva mmoja, mtu mpole, mwajiriwa wa mwenye lori, mliyempa jina la Kapteni.

Kila mwaka safari ilipoisha ulilala siku mbili. Jumamosi asubuhi ulikwenda kazini kwa dada yako mkubwa.

Dada ni mpimaji wa masikio hospitalini. Alikuketisha katika chumba kidogo kisichopitisha sauti, akakuvika hedifoni, akakupa kitufe ubonyeze kila unaposikia mlio, naye akakuangalia kupitia kioo. Mwaka wa tatu alitoka akafungua mlango.

"Unabonyeza kwa kubahatisha."

"Sibahatishi, dada. Kila ukituma mlio unakaza midomo. Nabonyeza ukikaza."

Tangu siku hiyo alikupima akiwa amekupa kisogo.

Kadi zako ni sita, moja kwa kila mwaka. Mstari wa kadi ya kwanza unakwenda karibu sawa. Wa kadi ya sita unashuka kama mtu anayetelemka ngazi: sauti nyembamba hukuzisikia tena, na sauti nene zilihitaji desibeli sitini ndipo ubonyeze. Sikio la kulia lilitangulia kuharibika.

Dada alijua jambo ambalo wahakiki hawakulijua. Kwenye albamu gitaa lako ni kali. Jukwaani, mwaka hadi mwaka, lilizidi ukali, kwa sababu kila safari uliongeza sauti nyembamba kwenye amplifaya. Gazeti moja liliandika kwamba huo ni ujasiri. Mpiga besi alianza kuvaa pamba. Dada alilinganisha alama ulizoandika kwenye amplifaya na kadi zake. Ulikuwa unaongeza kile kile ulichokuwa unapoteza, na kwa kiasi kile kile.

"Pumzika hata mwaka mmoja," alikuambia.

"Nikipumzika, wale wawili wafanye nini? Na usiwaambie. Wakijua watanihurumia, na wakinihurumia watapunguza sauti."

"Na mama?"

"Mama ndiye usithubutu."

Akaahidi. Baada ya kadi ya sita alikupa viziba masikio viwili vya mpira, rangi ya chungwa. "Huvitoi mpaka wenzako wazime vyombo. Umenisikia?"

"Nimekusoma midomo. Inatosha."

Siku ya ajali wenzako walikuwa ndani ya ukumbi wakijaribu vyombo. Kapteni aliwaeleza polisi kwamba alipiga honi mara tatu, akakuona kwenye kioo ukiinuka, akajua unasogea, ndipo akarudi nyuma. Walio ndani hawakusikia honi, wala katika kelele ile wasingeweza kuisikia. Kesho yake, nje ya chumba cha maiti, mpiga ngoma alimkabili mbele yetu sote.

"Mtu aliyekuwa akisikia uzi mmoja umelegea katikati ya ghasia zote zile, leo asisikie honi ya lori? Sema hukupiga, Kapteni, tukusamehe."

"Nimepiga, kaka. Tatu."

"Hukupiga."

Polisi waliandika kuwa ni ajali, wakafunga faili. Mwenye lori alimnyang'anya Kapteni funguo, akamwachisha kazi. Naye akaenda kupanga makreti ya soda ghalani.

Vitu vyako tulirudishiwa kwa orodha: saa ya mkononi, mkanda, tupa ndogo, viziba masikio viwili rangi ya chungwa. Mhudumu wa chumba cha maiti alisema hivyo viwili vilitolewa masikioni. Dada ndiye aliyetia saini. Alisoma mstari wa nne mara mbili, akaikunja karatasi, akaenda kuiweka pamoja na zile kadi. Miezi kumi na moja hakumwambia mtu. Ahadi aliyokupa ilikuwa nusu ya sababu. Nusu ya pili ni kwamba mwaka ule, kwa mara ya kwanza, ulimtii.

Mwezi uliopita, asubuhi, mgonjwa wa tatu kwenye foleni yake alikuwa Kapteni. Alipomwona aliyekaa mezani alirudi hatua moja.

"Kumbe ni wewe, dada. Basi nitakuja siku nyingine."

"Kaa. Una tatizo gani?"

"Sina maumivu." Alikaa ukingoni mwa kiti. "Watu wote wanasema sikupiga honi. Mke wangu naye ananiambia, 'Baba watoto, acha ubishi, kubali tu, upate usingizi.' Nimefika mahali na mimi sijui. Honi naisikia kichwani, lakini labda ni mimi nasikia visivyokuwapo. Nipime."

Alimpima dakika ishirini, akiwa amempa kisogo. Mstari ulikwenda sawa toka mwanzo hadi mwisho.

"Masikio yako mazima."

"Kwa hiyo?"

"Ulipiga, na uliisikia. Asiyesikia ni yeye." Akafungua droo, akamwekea mezani kadi sita na ile orodha, akamweleza moja moja, bila kuruka ya mwisho. "Hivyo viziba nilimpa mimi."

Kapteni hakuzigusa. Muuguzi akachungulia mlangoni kuuliza kama mgonjwa mwingine aingie.

"Alikaa kushoto kwangu miaka sita," alisema Kapteni. "Kila asubuhi namwamkia, haitikii. Nikasema huyu ana maringo ya wasanii. Na mimi kwa hasira nikimwona anapanda nazima redio, asifaidi."

"Hakuwa anaisikia."

"Basi nimejinyima mwenyewe." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka, kisha akajifuta macho kwa kofia.

Jioni ile dada alimweleza mama. Mama alikuwa akipiga pasi, na hakuacha.

"Mmejifungia chumbani mara sita, mkanificha mara sita."

"Ndiyo, mama."

"Na huyo mwanamume ameitwa mwongo mwaka mzima, na ndani ya nyumba hii mtu anajua."

"Nilijua mimi peke yangu."

"Sasa tunajua wote. Alitukanwa hadharani, asafishwe hadharani. Wewe unajua kuandika, andika."

"Nilimwahidi, mama."

"Mimi sikuahidi mtu."

Mpiga ngoma alipoonyeshwa kadi na dada alizipanga sakafuni kwa miaka, akaziangalia sana.

"Kwa hiyo ile sauti yake…"

"Ndiyo."

"Mimi nilisema ni kipaji."

"Kipaji kilikuwapo. Kadi hazipimi hicho."

"Kila alipopandisha sauti na sisi tulipandisha, shemeji yangu." Hajawahi kuwa shemeji yetu, humwita dada hivyo kwa utani, na siku ile hakuna aliyecheka. "Tulidhani anatuongoza."

Ndiyo maana tangazo hili ni refu kuliko desturi, na ndiyo maana tunavunja ahadi uliyopewa mbele za watu. Honi ilipigwa, mara tatu. Hukuisikia kwa sababu ya miaka sita ya kazi uliyoipenda, kwa sababu ya kelele za ndani ya ukumbi, na kwa sababu ya viziba ulivyopewa na mtu aliyekutakia mema. Kapteni alisema kweli tangu siku ya kwanza. Wewe mwenyewe ungekasirika kwa kufichuliwa, tunakujua. Lakini tunakujua pia ulivyokuwa ukirudisha kila waya kwa mwenyewe.

Jumatatu ya wiki iliyopita, saa mbili asubuhi, dada na mpiga ngoma walipeleka nakala za kadi na za orodha kwa mwenye lori, wakamwomba amrudishe Kapteni kazini. Alizisoma amesimama. Alisema atafikiri. Hadi tunapeleka maandishi haya gazetini hajajibu.

Hutatoka mioyoni mwetu maisha yetu yote. Unakumbukwa na mama yako, dada yako mkubwa, mjomba, shangazi zako wawili, wapwa zako, mpiga ngoma na mpiga besi wa Karakana, na Kapteni, aliyekuja nyumbani Ijumaa alasiri kuuliza kama anaruhusiwa kuwamo katika orodha hii. Mama alichukua kalamu akamwandika mwenyewe.