Mguu wa Suruali ya Babu Pascoe

Sanduku la Posta 41,
Carrick Flat, Nevada.
9 Novemba 2014

Mpendwa Dada Loveday,

Amani ya Bwana, aliyekulinda tangu utotoni, na iwe juu yako na juu ya nyumba yako yote huko Michigan. Natumaini barua hii itakukuta umeketi kitini wala si kitandani, na kwamba moyo wako umekupa nafasi ya kupumua. Tunakutaja kila siku katika sala za asubuhi. Namwomba Mungu akupunguzie baridi, maana najua theluji ya kwenu huja mapema na huchelewa kuondoka.

Sisi hatujambo kiasi. Mke wangu Tamsin magoti yanamsumbua, lakini ulimi wake ni mzima kabisa, kama utakavyoona mbele. Mimi nasikia kwa sikio moja, na kwa umri wangu sijui kama hiyo ni hasara. Kanisani tumebaki wachache. Jumapili iliyopita mpiga kinanda alikuwa na mafua, tukaimba bila kinanda, na sauti zilipanda vizuri kuliko nilivyotarajia. Baada ya ibada Tamsin aligawa mikate midogo ya zafarani aliyooka kwa mapishi ya mama. Watu waliisifu, yeye akasema haijafikia ya kwako.

Denzil, mtoto wa marehemu kaka yetu Jory, anaendelea na kazi yake. Bado anashuka katika mashimo yaliyoachwa, kamba kiunoni, akitafuta nguo za jinzi walizoziacha wachimbaji wa zamani. Mwezi wa tano alipata suruali nzima iliyozungushiwa bomba la maji ili lisigande, na ribiti zake za shaba zilikuwa bado ziko mahali pake kwenye pembe za mifuko. Nguo hizo huzinakili kwa cherehani zake za kizamani, mshono kwa mshono, na wapenzi wa mambo hayo huja kutoka mbali kuzinunua. Ni kijana mwaminifu. Nakuomba ulikumbuke neno hilo utakapoendelea kusoma, kwa kuwa lawama iliyomo katika barua hii si yake.

Dada, nimezunguka vya kutosha. Uliniandikia mwanzoni mwa Septemba ukitaka nikutumie mfarishi wa mama, ule wa viraka vya suruali za jinzi, kwa sababu daktari amekueleza hali yako na unataka kulala chini yake kama walivyolala wenzetu waliotutangulia. Ilikuwa haki yako. Mama alisema wazi kwamba mfarishi hutunzwa na mzima na humwendea mgonjwa. Ulipoomba, nilinyamaza. Posta haikuhusika na ukimya huo, wala ugonjwa. Niliona aibu, na ninaiona hata sasa mkono wangu unapoandika.

Ulikitaja kile kipande cha katikati, mguu wa kulia wa suruali ya Babu Pascoe, wenye tone la nta ya mshumaa wake wa mgodini juu kidogo ya goti. Ulisema kwamba ulipougua surua ulikuwa ukilikwaruza tone lile kwa ukucha mpaka usingizi ukuchukue, na kwamba sasa ungependa kulikwaruza tena. Nilipofika hapo niliikunja barua yako nikaiweka mfukoni, na sikumwonyesha Tamsin kwa siku kadhaa.

Kipande kile hakipo tena. Mimi ndiye niliyekitoa.

Majira ya baridi yaliyopita Denzil alikuja nyumbani, akaukunjua mfarishi juu ya meza, akapitisha kidole juu ya kiraka cha Babu kama mtu anayesoma maandishi. Alisema hajapata kuona kitambaa kizito namna ile kilichotiwa nili kwa kina namna ile. Kama wafumaji wanaomfumia vitambaa wangekijua kilivyofumwa, angeweza kuitengeneza upya suruali yote kama ilivyokuwa siku Babu alipoinunua. Lakini wafumaji hawawezi kujua mpaka kitambaa kifumuliwe, uzi mmoja baada ya mwingine, waone unene wake na jinsi ulivyosokotwa.

"Baba Mkubwa," aliniambia, "nakwambia mapema usije ukanilaumu. Nikianza hakirudi kuwa kitambaa tena. Tutabaki na nyuzi."

Nikamjibu, "Kitambaa ni kitambaa tu, mwanangu."

"Na Shangazi Loveday je? Tumpigie simu kwanza."

"Shangazi yako ana mambo makubwa kuliko viraka."

Ndivyo nilivyosema, Dada. Ningeweza kuyalainisha maneno hayo, lakini nakuandikia kama yalivyotoka kinywani.

Kilichonivuta ni hiki: Denzil alisema suruali hizo mpya zitaitwa kwa jina la Babu, na jina lake litachapwa kwenye kipande cha ngozi kiunoni. Nilijiambia kwamba namheshimu mtu asiye na kaburi. Unajua mlima ulimfunika na haukumrudisha, na suruali ile ilibaki kwa sababu siku hiyo ilikuwa imeanikwa kwenye kamba uani. Kwa hiyo mimi, ninayejidai kumheshimu, nilikichukua kitu pekee kilichowahi kuugusa mwili wake nikakitoa kikafumuliwe. Heshima niliyoitafuta ilikuwa yangu mwenyewe. Miaka yote hii nimewaonya watu juu ya kiburi, na kilipoingia nyumbani kwangu nilikivutia kiti.

Mwezi wa sita kulikuwa na mkutano wa wapenda nguo za kazi za zamani katika uwanja wa maonyesho wa wilaya. Denzil alinivika suruali mpya ya "Pascoe", ngumu kama ubao, na kanda za mabegani. Tamsin alinizunguka akinitazama juu mpaka chini.

"Umependeza, mhubiri," alisema. "Umepungukiwa na nyundo tu. Kiburi unacho tayari."

Nilicheka nikidhani ananitania. Nikapanda juu ya gari la farasi mbele ya wale wanaume wenye ndevu ndefu, nikawasimulia habari za Babu kwa sauti ile ile ninayoitumia kanisani. Walinipigia makofi, wakanipiga picha. Nilipokuwa nikishuka, mmoja wao aliuliza, "Mzee, na ile yenyewe ya zamani iko wapi? Tungependa tu kuiona."

Nikamwambia, "Familia inaitunza."

Denzil alikuwa amesimama karibu. Aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Kisha ikaja barua yako. Na hapa, Dada, naomba univumilie, kwa sababu niliyokwisha kuyasema ni madogo ukilinganisha na haya. Sikuja kwako na ukweli. Nilikwenda kwenye karakana ya Denzil, nikafunga mlango nyuma yangu.

"Nikatie mguu mmoja wa kulia," nilimwambia. "Uuchakaze ufanane na ule. Weka na tone la nta."

"Wa nani?"

"Wa mfarishi."

"Baba Mkubwa, kila ninachoshona nakiandika mwaka wake kwa ndani. Hicho ndicho kinachonitenga na matapeli. Mtu akinunua kwangu anajua anavaa nini."

"Huu usiuandike."

"Shangazi ataulalia akidhani ni Babu?"

"Shangazi yako haoni vizuri siku hizi," nikasema. "Itampa faraja. Fanya kama ninavyokwambia."

Kijana niliyembatiza kwa mikono yangu aliniangalia kama mtu anayesubiri mzaha uishe. Alipoona hauishi, aliinamisha kichwa akafanya, kwa kuwa alilelewa kututii. Alikichovya kitambaa na kukianika, akakisugua kwa mawe, akatafuta mshumaa wa namna ile ya zamani, akadondosha nta juu kidogo ya goti. Akakishona katikati ya mfarishi. Nilipokiona sikuweza kukitofautisha na cha Babu, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Niliufunga mfarishi ndani ya sanduku, nikaketi jikoni kukuandikia barua ya kuusindikiza. Tamsin alikuwa ng'ambo ya meza akimenya viazi vya kutia kwenye maandazi ya nyama. Alikwisha kuyajua yote. Denzil hakuweza kumficha. Niliandika salamu, nikaandika habari za kanisa, kisha kalamu ikasimama.

"Andika basi," Tamsin akasema bila kuinua macho. "Andika, 'Dada, huu hapa mguu wa Babu.' Ni maneno machache tu, na wewe una mengi."

"Natafuta namna ya kulisema."

"Namna ipo, mzee wangu. Ni mkono unaokataa. Na mimi naushukuru huo mkono, maana ndicho kiungo chako pekee chenye akili leo."

Akaacha kisu, akaleta mkasi wake mdogo wa kufumulia, akauweka juu ya karatasi yangu, akarudi kwenye viazi vyake. Sikuongeza neno katika barua ile. Nilifungua sanduku, nikafumua kile kiraka cha uongo kwa mkono wangu. Ilinichukua mchana wote, kwa kuwa Denzil hushona imara. Nilipokimaliza nilikirudisha karakanani, nikamwomba radhi kijana mbele ya mafundi wake. Alikichukua, akakigeuza, akaandika mwaka wake kwa ndani.

Palibaki tundu katikati ya mfarishi. Denzil alinipa kitambaa kipya, cha wazi, kisichoigiza kitu chochote. Sikukitaka. Niliitoa suruali yangu ya jinzi, ile ninayovaa bustanini na ninayochimbia makaburi ya kanisa tangu tulipokosa mchimbaji, nikaukata mguu wa kulia, nikaushona hapo. Ninaijua desturi ya mama kwamba katika mfarishi huingia nguo ya aliyelala katika Bwana tu, na wala sijitabirii. Niliona tu kwamba kama ni lazima mguu wa mtu ukosekane kwetu, ukosekane wangu.

Sasa nakutumia. Mishono ya kiraka hicho ni yangu, nayo imepinda. Tamsin alijitolea kuinyoosha nikamkatalia. Nimetumia uzi mweupe na mishono mirefu ili usipate shida ukitaka kukitoa. Fundo liko upande wa chini, kushoto. Lakini ukifumua, Dada, fumua polepole. Wafumaji walirudisha nyuzi walizobakiza, za nili na nyeupe, zimejaa kiganja tu, na Tamsin amezitandaza chini ya kiraka, kati yake na bitana. Kilichobaki cha Babu kimo humo.

Tone la nta halimo. Ukucha wako utalitafuta na hautalipata. Hilo nililichukua kwako, na sina namna ya kulirudisha.

Nimewaomba wazee wa kanisa mtu mwingine ahubiri kwa sasa. Hawakuelewa kwa nini, nikawaeleza. Sitarudi mimbarini mpaka nisikie neno kutoka kwako, na neno hilo likiwa ni la hasira nitalipokea kama haki yako. Sikuombi unihurumie uzee wangu. Wewe ni mkubwa kwangu, na ulinilea mama alipokuwa akifua nguo za watu. Unajua tangu zamani namna ninavyoonekana ninapodanganya, na pengine ungeligundua lile tone kabla ya usiku wa kwanza kwisha.

Elowen, mwanangu, najua ni wewe unayemsomea mama yako. Usiruke popote kwa ajili ya kunisitiri. Ukimaliza, mfunike, hata kama atakuwa amenikasirikia. Viraka vingine vyote ni halali: cha baba yetu, cha Jory, vya wajomba. Vitamtia joto.

Unisalimie pia mumeo Garrick na watoto. Tamsin anakumbatia kila mmoja, na ameweka mikate ya zafarani katika kopo ndani ya sanduku, upande usiogusa mfarishi. Na wewe, Dada, Denzil anakusalimu, shangazi yake. Anasema atakuja kabla barabara hazijafungwa na theluji, na kwamba utamwambia usoni lolote ulilo nalo.

Bwana aliyekujua kabla sisi hatujakujua akufunike kwa mkono wake, ambao hauna kiraka cha uongo. Akupe usingizi, na ukiamka akukute na nuru.

Ndimi mdogo wako, anayekupenda na asiyethubutu kuinua macho,

Hedley Trembath