Mbunge wa Tatu

Mwikali wangu,

Nimemfuta mheshimiwa wetu. Najua utanuna, maana ni wewe uliyemwandika kwa mkono wako, lakini ngoja kwanza nikueleze.

Ile kalenda ya duka la mbao bado iko ukutani, imegeuzwa vilevile, majina ya wabunge uliyoandika yakiwa mgongoni mwake. Sitasahau ulivyokuwa ukipiga msasa vinyago sakafuni, redio ikitangaza kikao cha Bunge, nawe umetega sikio kusikia nani kati yao anaongea kama mtu. Ulipiga mistari mpaka wakabaki watatu. Watatu Bunge zima! Hao ndio ulioamini kwamba siku sheria ya kuturuhusu sisi wanawake wawili kufunga ndoa ikiletwa, watasema ndiyo. Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Ukaniambia, "Nafula, haba na haba hujaza kibaba."

Wa tatu alikuwa huyu wetu, na ulimwandika kwa sababu ya chai. Wakati wa kampeni alipita mlango kwa mlango hapa Kariobangi, akaingia kwetu, akaona chumba kimoja na kitanda kimoja, akanywa kikombe chake na kuomba cha pili. Akitoka akasema, "Hii nyumba yenu iko na amani. Kaeni tu hivyo." Ukashikilia kwamba kwenu mgeni akiomba kikombe cha pili amekubali nyumba. Nilikwambia mwanasiasa hunywa chai ya kila mtu. Hukunisikia, ukachukua kalamu.

Nimekumbuka pia lile bunge letu la jikoni. Wewe ndiwe Spika, umeshika mwiko: "Wanaoafiki tule omena waseme ndiyo!" Nikipiga kelele peke yangu, unasema kura zimefungana, kisha unatumia kura ya Spika na tunakula muthokoi, yale mahindi yenu ya kukoboa. Mwizi wewe.

Sasa ni miezi saba tangu uniache. Nikwambie ya mazishi, kwa sababu sijamwambia mtu. Mchungaji aliita watu waje kutupa udongo: wazazi, ndugu, shangazi, wenzako wa kanisa. Mimi niliitwa pamoja na majirani wa Nairobi. Miaka tisa, Mwikali, nikaja nyuma ya kwaya. Nilichukua udongo kidogo tu, nikiogopa kuonekana nimechukua mwingi.

Wiki mbili baadaye ndugu yako alikuja kuchukua vitu vyako. Moyoni bado namwita shemeji. Alibeba patasi zako, koti, na redio. Si mtu mbaya, alikuwa anaona haya hata kunitazama. Akiwa mlangoni akauliza, "Nafula, nyinyi mlikuwa tu mnakaa pamoja kusaidiana rent, ama?"

Nikasema ndiyo.

Nisamehe. Ningekuwa na karatasi ya ndoa ningemwonyesha tu, nisihitaji hata kufungua mdomo. Sikuwa nayo, na mdomo ukafanya ulivyozoea.

Neno hilo lilinikaa kifuani mpaka Jumatatu iliyopita likanipeleka ofisini kwa mheshimiwa. Nilipanga foleni na wazazi walioshika fomu za basari ya karo. Msichana wa mezani akauliza shida yangu ni basari, hospitali ama matanga. Nikasema matanga. Sikudanganya.

Nilikuwa nimejipanga niongee kama wewe, kwa mpangilio na sauti ya chini. Nilipofika mbele yake nikamwaga yote mara moja: kwamba ulikuwa mke wangu, kwamba ulimhesabia kura, kwamba nataka kujua kama atawahi kusimama Bungeni aitetee sheria hiyo. Aliamka akafunga mlango.

"Ile chai nakumbuka," akasema. "Lakini dada yangu, hiyo kitu haiwezi. Katiba yenyewe inasema ndoa ni ya mume na mke. Kubadilisha hapo inataka theluthi mbili ya wabunge, na mimi sitapata hata mmoja wa kuniunga mkono. Saa hii wenzangu wanataka sheria ya kuwabana zaidi. Nikisimama, Jumapili nitaingia kanisa gani?"

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Hakunifokea wala hakuita askari. Aliniambia ukweli, na ukweli huo hauna pa kushika. Tulikaa pale tukitazamana, yeye na kiti chake na mimi na kilio changu, na hakuna aliyeweza kumsaidia mwenzake. Kisha akasema, "Pole sana kwa kupoteza dada yako. Ukumbusho ukifika nitawatumia hema na viti."

Basi nilienda kutafuta sheria, nikarudi na hema. Ungecheka, nakujua.

Nilipofika nyumbani nikampiga mstari. Wamebaki wawili, ingawa mmoja wao alianguka uchaguzi uliopita na wewe hukuwahi kumfuta. Hatutafika, Mwikali. Si mimi, si wewe, labda si hata watoto wa majirani zetu. Wewe ulijua kuhesabu, sijui mbona hesabu hii ilikushinda.

Mwezi wa Agosti nitakuja kwenu kwa ukumbusho wako. Nitakaa chini ya hema lenye jina la mheshimiwa, kwenye viti vya majirani. Nakuahidi kitu kimoja: ndugu yako akiniuliza tena, sitasema ndiyo ile. Nikikosa ujasiri wa kusema lingine, nitanyamaza, naye aelewe anavyotaka.

Lala salama, mke wangu. Kalenda sitaishusha.

Leo asubuhi, kabla ya kukuandikia, nilishika mwiko nikasimama pale ulipokuwa ukisimama. Nikasema, wanaoafiki kwamba Nafula ni mjane wa Mwikali waseme ndiyo. Nikaitika mwenyewe, kwa sauti ya chini, maana ukuta ni mwembamba na jirani alikuwa anaanika nguo.

Nafula wako