Utani wa Salome Mbele ya Jeneza Lako

Mtani wangu Elieza,

Wasiwasi wa kupelelezwa uliouacha chuoni haujaisha. Umezidi. Kwenye kantini mtu akiweka simu mezani, wenzake hugeuza mazungumzo yakawa ya mvua na ya bei ya mahindi Kibaigwa. Milango ya ofisi inafungwa mchana. Kiti chako bado hakijapata mtu, nami sitaki kipate, ingawa najua kitapata.

Nakuandikia kwa sababu ya Salome, mwanafunzi wako wa mwaka wa tatu, Mhehe mwenzangu. Siku tulipokuzika Nzuguni alifanya kazi ya mtani. Alisimama mbele ya jeneza, akalizuia lisipite, akaiga sauti yako ya darasani: "Ninyi mliokaa nyuma, mnaandika somo au mnaandika habari zangu?" Watu walicheka huku wakilia. Mkeo alicheka. Mimi sikucheka, sijawahi kupenda utani makaburini, nawe ulilijua hilo.

Mtu mmoja alirekodi. Baadaye Salome akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, akashtakiwa kwa kueneza uvumi kwamba madarasani mna wapelelezi. Adhabu iliyotajwa ilikuwa kufukuzwa, naye amebakiza muhula mmoja tu. Alinijia. "Shikamoo, babu. Wamesema nije na mzee wa kunisemea." Nikamwambia avae nguo ya heshima na asizungumze mpaka aulizwe.

Niliieleza kamati kwamba kwetu mtani ndiye anayemfungulia maiti njia, na kwamba asiposema neno, msiba una upungufu. Mwenyekiti akasema, "Mzee, utani una mipaka." Nikakubali kwamba una mipaka. Kisha nikasema kwamba maneno yale si ya binti huyu. Ni ya marehemu, nami niliyasikia kupitia ukuta miaka yote tuliyofundisha vyumba jirani. "Kama ni kosa, mwiteni Elieza. Nitawaonyesha alipo."

Mjumbe mmoja, Mgogo wa kwenu, akafunika uso kwa mikono, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Wahehe hawa," akasema, "hata mtu akishazikwa hawamwachi." Mwenyekiti naye akashindwa kujizuia, akainamisha kichwa.

Amepewa onyo la mdomo. Atafanya mitihani.

Aliyerekodi simjui. Alikuwa miongoni mwetu, alitupia udongo kaburini kama sisi sote, akakupa mkono wa buriani huku mkono mwingine... Basi, naliacha.

Tasnifu ya Salome, uliyoiacha nusu, nimeichukua mimi. Nakuahidi nitamsimamia hadi avae joho, na sitamdekeza kama ulivyomdekeza wewe. Pumzika, Mgogo. Lawama zote nimekutwika wewe, maana huko uliko hakuna kamati.

Mtani wako,
Alfonsi