Kengele ya Mama

3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za hapo nyumbani? Mimi mzima, ila kiwandani tunasimama kutwa na miguu imevimba kama mihogo. Mama anaendeleaje? Sauti imerudi kidogo tangu kile kiharusi, au bado ananong'ona tu? Na kengele yake ya betri, ile ya kubonyeza kitufe akikuita, unaisikia ukiwa jikoni? Niliiunganisha harakaharaka basi likikaribia kuondoka, kwenye ule ubao mweupe wa vitundu, bila lehemu. Waya zimechomekwa tu. Kwa sasa usiusogeze. Namna ya kuzibana nitakuelekeza nikipata nafasi.

Dada yako

19 Aprili

Dada,

Shikamoo. Ningependa kusema hatujambo. Mama ameanguka, nyonga imevunjika. Nilikuwa uani nafua, nikijua kengele ipo. Nikasikia kishindo tu.

Mama anasema hakubonyeza, eti aliamua mwenyewe kuinuka. Majirani wote amewaambia hivyo. Lakini dada, nilimkuta sakafuni kitufe kiko mkononi, kidole bado kimekikandamiza. Nilipotazama ubao, waya mwekundu ulikuwa umechomoka, unaning'inia. Nadhani ni mimi, nilipofagia chini ya meza. Sijamwambia mtu. Naona aibu hata kumlisha.

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Leo naogopa hata kuuliza hali.

Usijitwishe. Waya uliokaa sawasawa hauchomolewi na ufagio. Ule mwekundu nilijua unacheza. Asubuhi ile niliugusa ukalegea, nikaurudisha, kengele ikalia, nikabeba begi langu. Kisha wiki zote hizi nikawa nasema nitaandika kesho. Na Mama kudanganya majirani kwa ajili yangu, hilo linanichoma. Bora angenitukana.

Sasa fanya hivi. Waya laini za nyuzinyuzi zitoe zote, weka waya mgumu wa uti mmoja, ukate mfupi ulale juu ya ubao. Rezista, vile vipande vidogo vyenye mistari ya rangi, zimesimama na miguu mirefu kama korongo. Ikate, uzikandamize mpaka zikae. Ubao ugandishe kwenye kipande cha mbao. Waya wa betri na wa kitufe zifunge kwa uzi kwenye misumari ya mbao hiyo, ili zikivutwa uvutike msumari, si kiungo. Mwisho tone la gundi ya moto juu ya kila kiungo. Halafu utikise. Utikise kama unanitikisa mimi.

Mama simwandikii. Sijui nianzeje.

Dada yako

21 Mei

Dada,

Shikamoo. Nyonga inaunga polepole, na sasa anakaa akiegemea mito.

Nilifanya yote kama ulivyosema. Nikautikisa mpaka mikono ikauma, mlio haukukatika hata mara moja. Lakini Mama hakutaka kuigusa kengele. Nikimwekea kitufe mkononi anakisukuma kando, anangoja nipite mlangoni ndipo aombe maji. Hakunilaumu kwa neno lolote. Afadhali angenilaumu, maana mimi nilikuwa nikifanya kazi zote karibu na mlango wake, nachungulia kama mwizi.

Jana nilikuwa naosha vyombo, ikalia. Sahani ilivunjika, sijui hata niliiachia wapi. Nikafika mikono imejaa povu.

"Unataka nini, Mama?"

"Sitaki kitu," akanong'ona. Kidole kilikuwa bado kwenye kitufe, kengele inapiga kelele nyumba nzima, naye hakiondoi. "Mwandikie dada yako. Mwambie imelia."

Mdogo wako