Simba wa Sarafu Nyeusi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na mvua imekwisha huko Tanga au paa bado linavuja? Sisi hapa Malvern wazima, baridi tu inatung'ata. Wiki hii nusura nikose kazi. Tulia mama, nimepona.

Unajua nafagia na kufuta vioo katika duka la sarafu za kale. Basi bibi mmoja wa Kijerumani, mjane, alileta sarafu ya fedha ya marehemu mumewe, akaiacha ikaguliwe, kesho yake aje kuiuza. Ni ya Saksonia, jimbo la huko kwao, ya enzi za kabla ya mashine: fundi aliweka kipande cha fedha kati ya mihuri miwili ya chuma, akagonga nyundo. Ndiyo maana duara lake limekwenda upande. Na nyeusi, mama, kama sufuria ya kuni! Nikaona aibu, mgeni wa watu arudi akute kitu kichafu? Asubuhi nikaisugua kwa ndimu na chumvi, kama bangili zako za sikukuu, mpaka ikameta.

Tajiri wangu alipoiona alikaa chini.

"Mwanaidi, umefanya nini? Wanunuzi wanautaka weusi ule! Ndio uzee wake."

Kazi hii niliisaka mwaka mzima.

Bibi akaingia. Tajiri akamweleza yote, nami nimesimama palepale natamani ardhi ipasuke inimeze. Bibi akaisogeza sarafu karibu na macho. Akaigeuzageuza, kisha akacheka, huku machozi yanamtoka.

"Kumbe simba yupo kweli! Mume wangu siku zote akiniambia kuna simba chini ya weusi ule, nami nikiitikia tu ili anyamaze."

Akaifunga kwenye leso yake, akasema haiuzi tena.

Tajiri alinikazia macho, halafu naye kicheko kikamshinda. Sikufukuzwa, mama! Nilikwenda kulia chooni kwa furaha.

Nisalimie shangazi anayekuuguza, na kaka fundi cherehani. Na somo yangu Bi Tatu, aliyenifunda, mwambie mafunzo yake yote yamenifaa ugenini, isipokuwa hili la ndimu.

Maana tajiri amepiga marufuku ndimu dukani, hata ya chai. Leo nimekunywa chai ya rangi bila ndimu, na tangu nifike nchi hii sijapata kunywa chai tamu kama ile.

Mwanao akupendaye,
Mwanaidi