Shuka Kati ya Vitanda Viwili

Jumanne, 14 Machi 1995

Mgonjwa mmoja wa kituo changu cha afya, chenye wodi moja tu ya wanaume na wanawake, ana homa ya mapafu, na bado alitaka kulala barazani, mvua ikinyesha. Nikamwambia, "Rudi wodini, baba!" Akainamisha kichwa, lakini hakusogea.

Sista Yunis, muuguzi wangu, akaninong'oneza: "Mama, kitanda cha jirani kalazwa mama mkwe wake. Kwa Wasukuma, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani."

Akatundika shuka katikati ya vitanda. Mgonjwa akaingia mwenyewe.

Yunis huyo ndiye anayeomba ruhusa akasomee shahada ya uuguzi Dar es Salaam, ambako wanafundishwa kumtibu mtu bila kumvunjia mila. Nitampa, ingawa naogopa. Akiondoka, na mgonjwa mwingine akakataa kitanda, nitamwuliza nani sababu?

Leo mgonjwa mwenyewe sikumwuliza. Nilimwamuru tu.